Mazoezini Nawaka, Jukwaani Naganda

Mwezi huu mmeniletea kucheza tu. Sijui ni mashindano ya mitaani yameanza au ni harusi zimekuwa nyingi, ila meseji kila nikifungua ni dansa, mzazi wa dansa, au mtu anayelazimishwa kudansi. Mi mwenyewe nimenengua kwenye bendi miaka tisa kabla sijarudi shule kusoma saikolojia, kwahiyo hapa mmenigusa penyewe. Nimechukua barua nne.

Anti shikamoo. Mi ni binti wa miaka 22 niko Mbagala, kundi letu tuko sita tunacheza singeli na amapiano. Mazoezini mi ndo nawafundisha wenzangu, stepu naishika mara moja alafu naikata kata vipande nawaelekeza, wananiita injini. Sasa juzi tulikuwa na shindano la mtaa, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, tumepanda, nane za kwanza, yaani yale mapigo nane nane ya mwanzo, nimecheza safi kabisa, ilipofika ile sehemu mpya tuliyoiongeza wiki hiyohiyo nikaganda. Nimesimama kama nguzo ya umeme anti. Nikaanza kuangalia miguu ya wenzangu nikawafuata nyuma nyuma mpaka mwisho. Kuna mtu alirekodi akaposti, saizi mtaani naitwa Nguzo. Toka siku hiyo mazoezini sijaenda, hata dukani namtuma mdogo wangu. Mama anasema ni husda za watu. Au sina kipaji?

Marahaba mdogo wangu. Kipaji unacho na hakuna aliyekufanyia kitu. Ila kabla sijakujibu ngoja nikupe habari za mende.

Mwaka 1969 kule Marekani mwanasaikolojia mmoja, Robert Zajonc, na wenzake waliwaweka mende kwenye vinjia vyembamba wakawawashia taa, na mende unamjua, mwanga hataki, anakimbilia gizani. Kuna njia ilikuwa imenyooka tu moja kwa moja, na kuna nyingine ilikuwa na kona, lazima mende atafute pa kukata. Alafu pembeni wakaweka mende wengine ndani ya viboksi vya plastiki angavu, kazi yao kutazama tu, yaani mende wakawa na jukwaa na mashabiki kabisa. Ikaonekana hivi: kwenye njia iliyonyooka, mende mwenye watazamaji anakimbia haraka kuliko aliye peke yake. Kwenye njia ya kona, mwenye watazamaji anachelewa kuliko aliye peke yake.

Kwa binadamu mambo hayako mbali na hapo. Macho ya watu yanauamsha mwili, na mwili ukishaamshwa unatoa kile ulichokizoea kupita vyote. Kama ulichokizoea ndo stepu yenyewe, utawaka kuliko ulivyowahi kuwaka mazoezini. Kama stepu bado mbichi, mwili unatafuta, haupati, unasimama. Sasa rudi usome barua yako mwenyewe. Nane za kwanza ulizozicheza miezi, safi. Kipande cha wiki hiyohiyo, nguzo. Hiyo husda gani inayojua kuchagua kipande kipya tu? Aliyekosea ni yule aliyesema tuongeze kitu siku chache kabla ya shoo, na kama ni wewe basi karibu chamani, mi nishawahi kuibadilisha shoo nzima mchana, usiku nikamkanyaga mwimbaji mbele ya watu.

Kuna la pili ambalo ni la walimu kama wewe. Umezoea kuikata stepu vipande, guu la kulia, bega, shuka, geuka. Kwa kufundisha hiyo ni dhahabu, jukwaani ni sumu. Mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walifanya jaribio la wachezaji gofu wazoefu, wakaambiwa wapige mpira huku wakifuatilia kwa makini namna mikono yao inavyokwenda, wakapiga vibaya kuliko walipopewa kazi nyingine ya kichwa ya kuwazuga wakati wa kupiga. Wanaoanza ilikuwa kinyume, wao kufuatilia kuliwasaidia. Jaribu kushuka ngazi ukiwaza kila kisigino kinatua wapi, utajua nasema nini. Ulipoona watu wengi ukaanza kujifundisha wewe mwenyewe palepale jukwaani, na mwili wa mtu aliyekwisha kujua hautaki mwalimu.

Dawa yake ni mazoezi, ila mazoezi ya aina nyingine kidogo. Stepu ifungwe wiki mbili kabla ya shoo, ikifungwa imefungwa, hata mtu aje na wazo zuri namna gani liende shoo ijayo. Kwenye hizo wiki mbili hamchezi tena mbele ya kioo. Geukieni ukuta. Alafu waiteni watoto wa mtaani wakae mbele, watoto hawana adabu watawacheka na ndo mnachotaka. Alafu wekeni simu inarekodi. Alafu chezeni mkiwa mmeshachoka, na mwambie mtu akate muziki katikati auwashe popote, muingie hapohapo, maana wanaoganda wengi wanaijua shoo kuanzia mwanzo tu, ukiwavusha katikati wanapotea. Na siku za karibu na shoo si lazima mcheze kwa nguvu zote kila saa. Kuna utafiti wa wacheza baleti wa Marekani uliotoka 2013, ulikuta waliopitisha stepu taratibu bila kujitoa nguvu, wanaashiria tu kwa mikono na mwili nusu nusu, baadaye waliicheza vizuri kuliko walioirudia kwa nguvu zote. Kichwa kinapata nafasi ya kuzipanga hatua kikiwa hakipiganii pumzi. Na ulale. Stepu zinakaa mwilini usiku ukiwa umelala, dansa anayekesha kabla ya shoo anazimwaga.

Siku yenyewe usijiambie tulia, tulia, tulia. Moyo ukishaanza kukimbia hautulizwi kwa amri. Kuna jaribio la Harvard la mwaka 2014, watu walikuwa wanakwenda kuimba karaoke mbele ya watu, waliojisemea kwa sauti kwamba wana hamu na msisimko waliimba vizuri kuliko waliojisemea wametulia. Moyo unaokimbia kwa hofu na unaokimbia kwa hamu ni moyo uleule, wewe unabadilisha jina tu. Toa pumzi ndefu nje mara tatu, sema nina hamu, panda. Na jihadhari na kitu kimoja hasa kwenye amapiano: mtu akipaniki anautangulia mdundo. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ukitangulia kidogo hakuna anayeona, lakini amapiano inacheza mapigo 112 hivi, kumetulia, ukitangulia kila mtu anaona. Tafuta lile bezi la chini kabisa, liweke kwenye goti, kaa nalo.

Kuhusu klipu, sitakudanganya kwamba hakuna aliyeiona. Lakini Paris 2024, Olimpiki iliyoingiza breaking, ile dansi ya mtaani ya kuzunguka sakafuni, kwa mara ya kwanza, alisimama mwanamama wa Australia, Rachael Gunn anayejiita Raygun, akapoteza mechi zote tatu 18 kwa 0, yaani majaji tisa raundi mbili na hakuna hata mmoja aliyempa kura, na dunia nzima ikamcheka siyo Mbagala. Wewe umechekwa na kata mbili. Alafu kuna jambo lingine, sisi binadamu tunajiona tunatazamwa kuliko tunavyotazamwa. Wanafunzi wa Cornell waliwahi kuvalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemuona wa aibu, wakaingizwa kwenye chumba chenye watu. Walikadiria karibu nusu ya watu wameiona, walioiona walikuwa kama robo. Klipu yako wewe umeirudia mara mia, wenzio wameiona mara moja wakapandisha juu kuangalia nyingine.

Ninachokataa kabisa ni kumtuma mdogo wako dukani. Kila ukimtuma unapata nafuu ya dakika kumi, na hiyo nafuu ndo chakula cha hofu, kesho itataka zaidi. Rudi mazoezini wiki hii. Na jina Nguzo kwa dansa mbona zuri? Liandike mgongoni kwenye fulana, uone kama kuna atakayekuita hivyo tena kwa kukukomoa.

Anti mambo. Mi mwanaume 34, mhasibu, Dodoma. Harusi yangu mwezi ujao, mchumba na kamati wameshapanga tuingie ukumbini kwa kudansi. Mi mdundo siusikii, hata kanisani nikipiga makofi napishana na watu wote, mama mchungaji alishawahi kunigeukia. Kuna watu wanazaliwa hivi? Naweza kukataa?

Poa shemeji. Wapo wanaozaliwa hivyo ila ni wachache mno, mpaka mmoja akipatikana anaandikiwa makala. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Canada, walimwelezea kijana ambaye mashine ya kugonga tik tik aliweza kuifuata, ukiweka muziki anapotea njia. Sisi wengine mdundo tunazaliwa nao. Kule Hungary walipima ubongo wa vichanga wa siku mbili tatu wakiwa wamelala, ngoma ikipigwa wakaruka pigo moja kubwa, ubongo wa kichanga ukashtuka, kwamba mbona hapa kulikuwa na kitu? Kichanga kimelala, hakijui hata mama yake ni nani vizuri, mdundo anausubiri.

Nikikukadiria, wewe shida yako ni ya kihasibu, unahakikisha kwanza. Unasubiri uone wenzio wamepiga ndo na wewe upige, kwahiyo lazima uchelewe. Mdundo hausubiriwi, unakisiwa kabla haujafika. Fumba macho, usiwaangalie watu, sikiliza ngoma ya chini, na usipige makofi, kunja magoti tu. Dakika kumi na tano kila usiku. Ukishapata magoti tembea nayo chumbani, mbele nyuma, ukiwa na viatu vya siku hiyo, maana soli mpya ya ngozi kwenye vigae vya ukumbini imeshawaangusha wengi.

Kukataa unaweza, ila kuingia ukumbini ni kutembea kwa mdundo, basi. Madoido mwachie bibi harusi. Wewe omba wimbo wa taratibu na umwambie MC asikuite katikati peke yako.

Mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mzee wa miaka 61, naishi Kisesa, Mwanza. Kijana wangu ana miaka 17, alikuwa namba tisa mzuri sana wa shule, ameacha mpira anasema anataka kuwa dansa. Anafanya mazoezi kutwa kwenye sakafu ya sementi, usiku anarudi anachechemea, anasema ni ugoko. Chakula anaacha nusu eti asiwe mzito. Nimemwambia angekuwa anacheza mchezo wa maana ningemwelewa kuumia. Mama yake ananiambia nimwache. Nimwache au nimrudishe mpirani?

Shikamoo mzee wangu. Naomba niseme kwa heshima zote, mtu wa Kisesa kuniuliza kama kucheza ni mchezo wa maana ni kama mtu wa Pemba kuniuliza karafuu ni nini. Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, si iko hapo hapo jirani? Sikukuu ya ngoma ya Bulabo kila mwezi wa sita hivi, makundi mawili ya ngoma yanashindana, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, wanacheza muda mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna refa, watu wenyewe ndo kura, wanahama kwa miguu. Mi katika kusoma kwangu kote saikolojia sijaona mashindano yanayomjua binadamu kama hayo, kwasababu binadamu anakwenda walipo wenzake, ukipata watu hamsini wa kwanza mia wanaofuata wanakuja wenyewe kuangalia wale hamsini wanaangalia nini. Ndo maana wale wanaingia na nyoka, wanaingia na nungunungu, na dawa za kuvuta watu juu. Na bugobogobo je, ngoma ya majembe ya Wasukuma, lile jembe linarushwa na kuzungushwa ni uzito wa kweli, mguu unakanyaga ardhi kwa nguvu, saa nzima. Mpe namba tisa yeyote lile jembe tuone.

Na huko nje wameshakubali. Agosti 2024 breaking ilichezwa Paris pale Place de la Concorde, wanawake tarehe 9 wanaume tarehe 10, Ami wa Japan akachukua dhahabu, na kwa wanaume Phil Wizard wa Canada. Los Angeles 2028 haimo, hilo nalo ni kweli. Medali siyo inayoufanya mwili uchoke lakini.

Haya, tuache ubishi, maana barua yako ina mambo mawili yanayonitia wasiwasi kuliko mpira na dansi.

Ugoko. Maumivu ya madansa mengi hayaji kwa kugongwa kama mpirani, yanakuja polepole kwa kurudia kitu kilekile mara elfu, na yanapenda kuanzia goti kushuka chini, enka na nyayo hasa. Ugoko unaouma kote kote baada ya mazoezi alafu asubuhi umepoa, huo mara nyingi ni kuzidisha, apumzike na apunguze kuruka. Lakini kama anaweza kukuonyesha kwa kidole kimoja kwamba ni hapa, na panauma hata akiwa amelala, mzee mpeleke hospitali, huenda mfupa umepata ufa, na ufa mdogo kwenye picha ya kwanza wakati mwingine hauonekani kwahiyo wakiwaambia hamna kitu na bado panauma rudini. Sementi anayochezea nayo ahame. Mbao ni nzuri, na kama hamna mbao hata udongo ulioshindiliwa una nafuu.

Na chakula. Hapa naomba mama yake pia asome. Mwili unaofanya kazi kutwa na kula nusu haukondi tu, unaanza kubana matumizi kama serikali isiyo na hela: mifupa haijengwi vizuri, usingizi unakuwa mbovu, hasira, kila mafua yake, kwa wasichana hedhi inakata na kwa wavulana homoni nazo zinashuka. Kamati ya Olimpiki ya kimataifa ililitolea waraka hilo mwaka 2014 na wakasema wazi linawapata wanaume pia. Kwahiyo ugoko na sahani iliyobaki nusu inawezekana ni ugonjwa mmoja. Mwambie hivi, dansa asiye na ugali tumboni dakika ya tatu stepu zinalegea na ndo muda anaoteguka.

Mpira usimwambie auache kabisa wala arudi kwa lazima. Waliowapima madansa wamekuta darasa la kucheza lenyewe halipandishi sana moyo, shoo ndo inaupandisha ghafla, kwahiyo dansa anayetegemea mazoezi ya stepu peke yake anakatika pumzi jukwaani. Mguu ukishapona, mechi moja kwa wiki na marafiki itamsaidia kwenye hiyohiyo dansi yake.

Nyie wawili, mmeshawahi kwenda kumwona akicheza? Hujaandika, na kijana wa miaka 17 anayerudi anachechemea mbele ya baba anayesema siyo mchezo wa maana, kesho ataficha na mguu wenyewe. Hilo ndo linaloniogopesha.

Anti mimi nina miaka 49, niko Tanga. Jumamosi asubuhi tunakimbia na jogging klabu alafu tunamalizia kucheza barabarani kwenye lami saa nzima, wote mkono mmoja, na mwisho tunaruka. Sichoki. Lakini nikicheza peke yangu chumbani na simu dakika kumi niko hoi natafuta kiti. Mume wangu anasema ni kwasababu kule naenda kuuza sura.

Mwambie mumeo yuko nusu sahihi, kutazamwa kunaamsha mwili, si nimeshasema habari za mende hapo juu. Ila kuna kikubwa kuliko hicho. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walichapisha kazi waliyoifanya na vijana wa sekondari kisiwa cha Marajó, Brazil. Waliwachezesha kwa makundi, wengine wote hatua moja kwa pamoja, wengine kila mtu na lake, wengine kwa nguvu, wengine wakiwa wamekaa wanachezesha mikono tu. Kabla na baada wakawafunga kile kimfuko cha kupimia presha wakakijaza upepo mpaka mtu aseme basi panauma. Waliocheza kwa nguvu walivumilia zaidi, na waliocheza kwa pamoja nao walivumilia zaidi, kila kimoja kwa nafasi yake, na waliocheza pamoja wakajiona wamekaribiana zaidi. Inadhaniwa ni zile dawa za maumivu ambazo mwili unajitengenezea wenyewe. Wakulima wanaolima kwa wimbo na wavuvi wanaovuta juya kwa wimbo hawakusubiri Oxford kulijua hilo.

Sasa tatizo dada yangu ni kwamba usiposikia maumivu haina maana goti halijayapata. Jumamosi unadanganywa na raha, Jumapili asubuhi ndo ripoti inatoka. Ukiamka goti limevimba au unashuka kitandani kwa kushika ukuta, lile zoezi lilikuwa kubwa kuliko ulivyohisi. Punguza muda, vaa raba zenye soli nene, na ule mruko wa mwisho kwenye lami waachieni wa miaka ishirini, nyie pigeni makofi. Za chumbani usiziache, ila mwite huyo anayesema unauza sura acheze na wewe, dakika kumi zitakuwa ishirini.